Uliza Mjomba: Kijana kala mtaji, ama ni jiko la mamake?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za vijana na pesa, sijui ni hali ilivyo ngumu ama ni nini, lakini nimechagua nne ambazo naona zinashikana. Majina nimeyaacha, Amu (Lamu yetu hii) mwaijua wenyewe, mtu akitajwa asubuhi Langoni adhuhuri ashafika Shela.

SWALI: Mjomba asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Langoni. Kijana wangu wa pili ana miaka 17, likizo ya Agosti alinililia nimpe mtaji auze viazi karai pale Mkunguni jioni, nikampa elfu mbili kwenye zile pesa za mchezo wetu wa kuchangiana wa kina mama. Wallahi alianza vizuri, watu wanakula wanasifu, kila usiku namuona na vimia mia mfukoni, akanunua viatu, akanunua bando, marafiki nao wakaongezeka. Skuli ilipofunguliwa akaendelea jioni jioni. Mafuta na makaa alikuwa anachukua jikoni kwangu. Juzi mafuta yalipopanda nikamwambia wewe sasa ni mfanyibiashara, nunua yako. Basi haikufika wiki mbili, biashara imekufa na ile elfu mbili haionekani. Kakangu anasema mtoto huyu ni mbadhirifu nisimpe tena hata ndururu. Mamangu naye anasema kosa ni langu, mtoto akizoeshwa pesa mapema huingiwa na tamaa. Mimi moyo unataka kumpa tena ila naogopa. Nifanyeje?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kabla hatujamhukumu kijana hebu tufanye ile hesabu ambayo naona hakuna mtu nyumbani aliyekaa naye kitako akaifanya. Bei nitakazoweka ni za mfano tu, wewe zibadilishe kulingana na soko lilivyo siku hio.

Tuseme karai ya jioni moja ni viazi vya 250, unga wa 80, ukwaju na pilipili za chatne 50, karatasi za kufungia 20. Hapo ni mia nne. Weka mafuta ya 200 na makaa ya 100, jumla mia saba. Vinatoka vipande mia moja anauza kumi kumi, elfu moja, faida mia tatu, kwa mtoto wa skuli si haba. Lakini nani amewahi kuuza vyote? Ishirini vimebaki vimerudi nyumbani mkala na chai (usikatae dada, vimeliwa), na kumi na tano vimeenda kwa maswahiba wa nitakulipa Ijumaa. Pesa iliyoshikika mkononi ni 650. Gharama ya kweli ni 700. Yaani ule usiku watu wanakula na kusifu, biashara imepoteza hamsini.

Ila yeye haoni hivyo hata kidogo. Yeye anaona ametoa mia nne mfukoni na imerudi mia sita na hamsini, kwa hio mia mbili na hamsini ni halali yake, ndo viatu, ndo bando. Na kwa macho yake hajakosea! Ile mia tatu ya mafuta na makaa ilikuwa inatoka kwako kimyakimya na hakuna aliyeiandika popote. Siku ulipofunga mlango wa jiko gharama ya kweli ikajitokeza ghafla, mfuko wake ukawa unatoa mia saba na kuingiza mia sita na kitu, na huku yeye ashazoea kujichotea mia mbili na hamsini kila usiku. Hesabu hio haiwezi kumaliza wiki mbili. Kwa hio kakako akisema mbadhirifu mimi nasema sawa kidogo, viatu vilikuwa vya haraka, lakini biashara yenyewe ilikuwa inaenda kwa mafuta yako tangu siku ya kwanza na mtoto hajui.

Nieleweke, sisemi mzazi asimsaidie mtoto. Msaidie, lakini msaada uandikwe. Ukimpa lita ya mafuta mwambie hii ni mia kadhaa, iandike kama deni la biashara, hata kama baadaye utamsamehe. Akijua bei ya kila kinachoingia kwenye karai ataanza mwenyewe kuuliza maswali ya maana, mbona kiazi nakikata kikubwa hivi, mbona jirani anauza kwa kumi na tano, hivi vinavyobaki kila siku si nipunguze viazi nusu kilo. Hayo ndo masomo, na huwezi kumpa kwa kumwambia weka akiba weka akiba, akiba ya nini na biashara inakula hasara?

Sasa kuhusu kumpa tena. Mpe, lakini si kama zawadi na si kama mkopo wa kumtia presha. Fanya naye mudharaba, jambo ambalo wazee wetu wa majahazi walilijua vizuri sana kabla hatujasikia habari za benki. Wewe unaweka mtaji, yeye anaweka kazi, mnakubaliana mapema faida mtaigawa vipi, nusu kwa nusu au sitini kwa arubaini. Ikiingia hasara bila uzembe wake mtaji uliopotea ni wako na yeye amepoteza jasho lake, lakini akizembea au akivunja mlichoagana, hapo anawajibika. Mabenki ya Kiislamu yanatumia mfumo huo huo kwenye akaunti za akiba, na Kenya mawili ya kwanza tuliyapata 2008, kwa hio hata siku akienda kufungua akaunti neno hilo halitakuwa geni kwake. Alafu utaona kitu kimoja, kijana akiwa mshirika anaongea tofauti na kijana anayeombaomba mamake.

Na muandikishane. Najua utasema Mjomba, mtoto wangu wa kumzaa niandikishane naye? Dada, aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara na inazungumzia nini kama si kuandika deni na kuweka mashahidi. Kijana huyo ameihifadhi madrasa pengine kwa moyo, sasa aione inafanya kazi kwenye viazi. Daftari moja la shilingi chache linatosha. Ukurasa mmoja aandike kilichonunuliwa, mwingine kilichouzwa, na wa nyuma kabisa aandike wale wa Ijumaa kwa majina yao, ukurasa huo ukijaa wewe mwambie tu ausome kwa sauti jioni pale pale Mkunguni, utashangaa watu wanavyolipa.

Pesa nazo zikae sehemu mbili, ya mtaji mbali na ya kwake mbali. Akitaka simu, ipo huduma ya M-PESA Go ya watoto wa miaka 10 hadi 17, inafunguliwa chini ya laini ya mzazi na wewe unaona zinavyoingia na kutoka. Lakini kopo mbili za maziwa ya unga zitafanya kazi ile ile na hazina ada ya kutoa.

Kwa mamako, bibi yake kijana, mkumbatie kwanza, alafu umwambie hivi. Tamaa haiji kwa mtoto kujua pesa, inakuja kwa mtoto kuona matokeo ya pesa bila kuona zinavyotafutwa na zinavyokwisha. Nyumba zetu Amu tuna siri, baba anaweka chini ya mto, mama anaweka kwa jirani, mtoto anasikia tu hakuna au kesho. Kijana wa miaka 17 hajui stima ya nyumba ni kiasi gani kwa mwezi! Mpe wiki moja anunue yeye tokeni na samaki na unga kwa pesa utakazomkabidhi Jumamosi, zikiisha Jumatano mle ugali na mchuzi wa nazi mtupu mpaka Jumamosi. Usimwongeze. Hapo ndo najua wewe utashindwa, mama zetu mna huruma, lakini jaribu.

SWALI: Mjomba, mimi ni kepteni wa mashua Shela, miaka 24. Pepo za kaskazi zikivuma nafanya vizuri, wageni nawapeleka Takwa, nawapeleka Manda Toto kuogelea na kuchoma samaki, kuna mwezi nabakisha hata elfu arubaini. Pepo za kusi zikiingia na mvua zile za Aprili na Mei ni kukaa gatini kupiga soga, nakopa kwenye simu mpaka nahisi Fuliza, ule mkopo wa M-PESA, yanijua kwa jina. Sasa natamani kuchukua mashini ya nje kwa mkopo nisitegemee tanga peke yake, wenzangu wote wana mashini. Wasemaje?
Kepteni wa Shela

JIBU: Mpwa wangu, wewe si maskini, wewe ni mtu wa mshahara wa miezi minne anayeishi kama ana mshahara wa miezi kumi na mbili. Kusi haijawahi kuja bila taarifa tangu babu zetu wanasafiri kwenda Bara Hindi na kurudi, inajulikana mwezi wake na bado kila mwaka inawakuta vijana na mifuko mitupu.

Chukua hio elfu arubaini yako. Miezi minne ya kaskazi ni laki moja na elfu sitini. Gawa kwa kumi na mbili unapata elfu kumi na tatu na mia tatu hivi. Hicho ndo kipato chako cha mwezi, si arubaini. Desemba mfuko ukijaa jilipe elfu kumi na tatu, iliyobaki iende mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu kidogo, sacco ni nzuri, na hakikisha ni ile yenye leseni ya SASRA, wasimamizi wa sacco. Wageni wa Julai na Agosti wakija hio ni nyongeza, usiihesabu kabla hujaiona.

Na sijaweka mashua hapo. Mashua inakula hata ikiwa imepandishwa pwani, kuna kalafati ya kuziba nyufa, kuna mafuta ya sifa ya kupaka mbao, tanga linachanika, kamba zinaoza. Hio haitoki kwenye elfu kumi na tatu yako, itoe kabla hujajilipa. Naona vijana wengi wanasema nabakisha arubaini na kumbe hawajatoa hata shilingi ya mashua, alafu Juni ikifika ya kutengeneza inakuwa mkopo. Wewe je, arubaini yako ni kabla au baada? Kama ni kabla basi punguza hesabu yote.

Mikopo ya simu sasa. M-Shwari ilipoanza 2012 ada ilikuwa 7.5% kwa siku 30, unakopa elfu unarudisha elfu moja sabini na tano, inaonekana kama si kitu. Lakini ukikopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, umelipa shilingi 900 kwa ajili ya elfu moja ile ile. Hustler Fund ya serikali iliyoanza tarehe 30 Novemba 2022 ni nafuu zaidi, 8% kwa mwaka, na 5% ya unachokopa inawekwa akiba kwa jina lako, ila ile ya mtu binafsi ni ya siku 14 tu na kusi si siku 14. Hapo bado sijagusa suala la riba, hilo wewe mwenyewe unalijua na kama moyo unakusuta zungumza na ustadhi wako, mimi nakupa hesabu tu na hata kwa hesabu peke yake haikufai.

Mashini sipingi. Nataka tu uniambie itakuletea safari ngapi ambazo sa hizi unazikosa. Si safari ambazo wageni wangependa, wageni wa Shela wengi wanakuja kwa ajili ya tanga na machweo, bali zile ambazo mteja alikuja akakuacha kwa sababu huna mashini. Ziandike kaskazi nzima ijayo. Alafu toa petroli, toa fundi, toa ile wiki itakayokaa bila spea. Kikibaki kitu kinachozidi rejesho la mwezi, chukua, na uchukue mwanzo wa msimu si mwisho, usije ukaanza kulipa deni na mashua iko juu ya magogo. Wenzangu wote wana mashini si sababu, waulize kwanza ni wangapi wameshamaliza kulipa.

SWALI: Mjomba, nipo Mokowe, nina miaka 19. Rafiki kaniingiza grupu la WhatsApp, unatoa elfu tano ukileta watu watatu unapata elfu kumi na tano. Wanasema wamesajiliwa na cheti wametuonyesha. Nina elfu tano ya cherehani. Niingie?
Binti wa Mokowe

JIBU: Usiingie, mwanangu, na toka kwenye hilo grupu leo.

Uliza tu wanauza nini. Kama jibu ni hakuna, basi elfu kumi na tano yako ni elfu tano tano za hao watatu utakaowaleta, na wao zao ziko kwa wengine tisa, na wale tisa wanatakiwa walete ishirini na saba, Mokowe yote itakwisha kabla hamjafika mbali. Watu wazima wanaikumbuka DECI, mpango wa kukusanya pesa kama huu, ilivyoporomoka 2007 na pesa za watu zikaenda nayo, na wengi waliopoteza waliletwa na ndugu na majirani wao waliowaamini. Cheti cha kusajili kampuni kila mtu anapata. Kupokea pesa za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, au SASRA, au CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kama ni uwekezaji, mwambie akuonyeshe hio uone kama atakujibu.

Cherehani ulikuwa na akili nzuri. Wala usinunue mpya, tafuta iliyotumika, na kabla hujanunua tembea nyumba za jirani uulize nani anashonesha sare na madera na kwa bei gani na wapi. Ukipata wateja kabla ya mashini umeshapita nusu ya kazi.

SWALI: Mjomba, mimi ni mwalimu upande wa Faza. Nataka kuanzisha klabu ya ujasiriamali skuli, wanafunzi kama thelathini. Tumefikiria kualika watu waliofanikiwa waje kuwatia motisha vijana, na pengine tuwafundishe kuandika mpango wa biashara. Una ushauri?
Mwalimu wa Faza

JIBU: Mwalimu, hongera, lakini hao wa motisha waache kwanza. Nimehudhuria hayo makongamano, mtu anakuja na suti kwenye jua hili anasema mimi nilianza na shilingi mia, watoto wanapiga makofi, anaondoka na boti ya saa tisa na hakuna aliyejifunza ile mia aliinunulia nini. Mpango wa biashara nao wa kurasa ishirini mtoto hajawahi kuuza hata njugu, huo ni insha.

Anzia na kamba, yule wa baharini. Kwenu huko na Kizingitini kamba ndo pesa, kila mwanafunzi wako ana baba au mjomba mzamiaji. Wape kazi ya wiki mbili, wafuate kamba mmoja. Mzamiaji amemuuza kwa tajiri, yule mnunuzi wake, bei gani pwani? Tajiri ametoa nini kabla, mafuta ya boti, barafu, nyavu, pengine hata pesa za harusi, na hio imemfunga mvuvi auze kwake peke yake kwa bei yake? Barafu imetoka wapi na inagharimu nini mpaka ifike? Akifa njiani hasara ya nani? Akifika Malindi au Mombasa hotelini ni bei gani kwenye sahani? Wakimaliza hapo watakuwa wameelewa mtaji, deni, gharama, hatari na nguvu ya bei, na wameelewa kwa jina la baba zao, si kwa mfano wa kiwanda cha sabuni kwenye kitabu. Tahadhari moja, wengine watarudi na hasira na matajiri. Zungumzeni hilo pia, manake tajiri naye ana hesabu zake na kuna misimu amekopesha akakosa, wamwalike aeleze mwenyewe, huyo ndo mgeni wa kumleta klabuni.

Baada ya hapo wafanye biashara ndogo ya kweli. Achari, mabuyu, bisi, chochote kinacholiwa wakati wa mapumziko, ila hapo kwenye kufungia waangalie sana, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, watumie karatasi. Au waagize makubadhi ya ngozi kutoka Siyu wauze kwa oda. Mtaji uwe mdogo ambao ukipotea hakuna mzazi atakuja kukugombeza, na upotee kama utapotea, usiwaokoe kwa pesa za skuli. Wasichana wasiachiwe kupika tu na wavulana kushika pesa, hili naliona sana na linaniudhi, kila mtu apike na kila mtu ahesabu.

Wale wanaokaribia miaka 18 waeleze pia mambo ambayo wataanza kukutana nayo wakishapata kipande, yaani kitambulisho. Kwamba wakikopa kwenye simu wasipolipa jina linaweza kupelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, na likawasumbua baadaye wakitaka mkopo wa maana. Kwamba serikali inatakiwa kutenga 30% ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wanaoipata ni wale waliosajili kikundi au kampuni na karatasi zao ziko sawa, wengine wanabaki kulalamika barazani. Hata kuwafundisha tu kujaza fomu bila kukosea ni somo la siku nzima, amini.

Daftari la klabu libandikwe ukutani kila Ijumaa, kila mtu aone kilichoingia na kilichotoka. Na mshika hazina abadilishwe kila mwezi, hata kama yule wa kwanza ni hodari na mwaminifu kuliko wote, tena huyo hasa mbadilishe mapema kabla wengine hawajamzoea wakaacha kuhesabu.